Mtu wa Usafi Aje Kila Baada ya Siku Ngapi? Acha Jiko na Bafu Vikujibu

Nikiingia nyumba mpya, mara nyingi naulizwa hata kabla sijatua ndoo: "Utakuwa unakuja mara ngapi?" Halafu mwenye nyumba anaanza kunihesabia vyumba. Vyumba vinaamua nitafanya kazi saa ngapi. Nirudi lini, hilo linaamuliwa na ile siku ambayo uchafu unaacha kufutika na kuanza kukwanguliwa. Kila nyumba ina siku yake, na unaweza kuipata mwenyewe bila kunitegemea mimi.

Hatua ya 1: Anza na usafi mkubwa

Usipime nyumba yenye uchafu wa zamani, utapata hesabu ya uongo. Mara ya kwanza lipia usafi wa kila kona: nyuma ya jiko, chini ya vitanda, juu ya makabati, mistari ya katikati ya vigae. Ukimaliza, andika tarehe ukutani jikoni au kwenye simu.

Hatua ya 2: Kagua sehemu mbili tu

Sebule itakudanganya, kwa sababu hupangwa kila mgeni akibisha hodi. Wewe angalia ukuta ulio nyuma ya jiko na shina la bomba la bafuni.

Jikoni, kila baada ya siku mbili chukua karatasi nyeupe ya choo, ilowanishe kidogo kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni, upitishe mara moja ukutani. Siku za mwanzo mafuta yanatoka yote na ukuta unateleza safi. Itafika siku karatasi itakwama na kuacha vinyuzi vyake ukutani. Hapo mafuta yameshaanza kunata na kushika vumbi. Ukiyaacha, joto la jiko na hewa vinayakausha mpaka yanakuwa kama vanishi, na hapo sabuni peke yake haiwezi.

Bafuni tumia ukucha. Mahali maji yanapokaukia, chokaa iliyomo huacha duara jeupe kwenye shina la bomba. Likifutika kwa kitambaa, bado una muda. Ukucha ukikwaruza kitu kigumu, muda umekwisha. Angalia na kona za chini pia: vidoadoa vyeusi ni ukungu, na ukungu hustawi penye unyevu usiokauka. Bafu lisilo na dirisha huwahi sana.

Tuseme jiko limegoma siku ya 13, bafu siku ya 17. Hesabu yako ni 13. Chukua ndogo kila mara.

Hatua ya 3: Uliza nani anafuta katikati

Kama kuna mtu wa kupangusa jiko kila usiku na kukausha ukuta wa bafu baada ya kuoga, rudia kipimo. Nimeona nyumba ikipata siku saba za ziada kwa kazi hiyo tu. Ninasema hivi nikijua kwamba nitaitwa mara chache zaidi, lakini pesa ni yako.

Tahadhari moja hapa, na tafadhali ishike. Watu wakiona doa limegoma hujaribu kuchanganya dawa. Dawa ya klorini usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, wala siki, wala amonia. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu inayounguza mapafu. Siki peke yake inayeyusha chokaa ya bomba vizuri, ila isiguse jiwe la marumaru halisi, italila.

Hatua ya 4: Tazama wanaoishi humo

Kuna nyumba ambazo hesabu haijalishi. Mtoto anayetambaa, mwenye pumu au mzio wa vumbi, mgonjwa wa kitandani, paka au mbwa anayelala ndani: hizo ni za kila wiki. Vijidudu vya vumbi haviuoni usafi wa sakafu yako. Vinaishi kwenye godoro na mito, vikila mabaki ya ngozi yetu. Mashuka yafuliwe kila wiki kwa maji ya nyuzi 60 ili vife, hata kama mtu wa usafi haji.

Hatua ya 5: Geuza hesabu kuwa ratiba

Chini ya siku 10, kila wiki. Kati ya 10 na 20, kila wiki mbili. Zaidi ya hapo, mara moja kwa mwezi inatosha, na hao wengi wao wanaishi peke yao na hawapiki sana.

Ukiwa katikati ya wiki mbili na mwezi, chagua wiki mbili. Nilikuwa na mteja wa kila mwezi, na kila nilipofika saa nzima ya kwanza iliishia kwenye jiko na feni yake ya moshi. Vyumba vya kulala nilivipitia juu juu, na iliniuma. Tukagawa: nije mara mbili kwa mwezi, nusu ya muda. Saa za kulipia zilibaki zilezile, na kwa mara ya kwanza nikafika chini ya vitanda.

Hatua ya 6: Vikubwa vipange kwa zamu

Oveni, nyuma ya friji, mapanga ya feni, madirisha, mapazia, kunyonya vumbi la godoro: kila kimoja mara moja kwa miezi mitatu kinatosha. Mwambie mtu wa usafi afanye kimoja kila anapokuja, au viwili kama anakuja mara moja kwa mwezi.

Hatua ya 7: Pima tena maisha yakibadilika

Mgeni wa kukaa, mtoto mchanga, msimu wa vumbi, ujenzi jirani. Rudia ile karatasi ya Hatua ya 2 siku moja kabla ya mtu wa usafi kuja. Ikiteleza bila kukwama mara tatu mfululizo, ongeza siku chache. Ikikwama, mpigie aje mapema.