Kukagua huduma ya mzee nyumbani: usianzie sebuleni

Ndugu wakiniita kukagua jinsi mzee wao anavyohudumiwa, kwanza hunionyesha chumba: shuka safi, mashine ya presha mezani, pampasi zimepangwa. Navitazama, ila havinijibu. Ninachotafuta ni kama mzee huyu anajiweza leo kama alivyojiweza miezi michache iliyopita.

1. Andika anachoweza kufanya

Tumia mambo sita ya kipimo cha Katz, kilichochapishwa mwaka 1963: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kuzuia haja, kula. Analoliweza bila msaada lipe alama 1, asiloliweza 0. Rudia kila mwezi katika daftari lile lile.

Alama zikishuka, usikimbilie kumlaumu mhudumu. Kiharusi nacho hushusha. Ila mtazame mzee wakati wa kula. Mhudumu mwenye haraka humlisha mtu anayeweza kushika kijiko, maana akiachwa ale mwenyewe atatumia nusu saa na kumwaga mchuzi. Ndugu huona ni upendo, na baada ya muda kijiko kinamshinda kweli.

2. Kagua ngozi

Hapa usiharakishe. Omba ruhusa, funga mlango, na kama mzee angependa akaguliwe na mtu wa jinsia yake, mtafute. Angalia visigino, nyonga, mfupa wa juu ya makalio, mabega, viwiko na kisogo.

Vitabu vingi husema tafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo tafuta sehemu iliyokoza kuliko ngozi inayoizunguka, yenye joto au ubaridi wa tofauti, iliyo ngumu au iliyolegea, au inayomuuma ukiigusa. Hapo kidonda cha kulalia kinaanza, hata kama ngozi haijachubuka. Usiruhusu pasuguliwe. Spiriti ya kusugulia mgongo, ambayo bado naikuta kwenye nyumba nyingi, hukausha ngozi tu.

Halafu muulize mhudumu: mara ya mwisho amegeuzwa saa ngapi, na sasa amelalia upande gani? "Huwa tunamgeuza" si jibu. Asiyeweza kujigeuza kitandani kwa kawaida hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, na utaratibu huo huvurugika zaidi usiku.

3. Hesabu vidonge, pima uzito

Kama alipewa vidonge 30 vya presha na akaanza tarehe 1, kimoja kila siku, asubuhi ya tarehe 11 kabla hajameza vinatakiwa kubaki 20. Vikibaki 24, dozi zimerukwa. Vikibaki 15, ama anazidishiwa, ama kuna mwingine mwenye presha humo ndani anayejisaidia.

Uzito nao: mzee wa kilo 60 akipungua kilo 3 ndani ya mwezi mmoja bila kukusudia, hilo ni la kumwona daktari.

4. Zungumza naye mkiwa wawili

Ukimuuliza kama anatunzwa vizuri, atakujibu "namshukuru Mungu", na mazungumzo yameishia hapo. Muulize mambo madogo. Jana mchana ulikula nini? Ukibanwa na haja usiku unafanyaje? Swali hili la pili ndilo ninaloliamini kuliko yote. Wapo wanaoacha kunywa maji tangu jioni ili wasimwamshe mtu, na kinywa kikavu na mkojo wa rangi nzito vitakuthibitishia. Kama kumbukumbu imepungua, tazama uso wake mhudumu anapoingia.

Watoto walioko nje: simu ya video haitoshi. Mzee huvishwa na kuketishwa kabla hamjapiga.

5. Kagueni na mpango wenu

Sehemu hii ndugu hawaipendi. Dada anayemhudumia mzee analala saa ngapi? Ana siku ya mapumziko? Nani alimfundisha kumwinua mzee bila kuumiza mgongo? Kama ndiye anayepika, kufua, kuangalia wajukuu na kumgeuza mzee usiku, basi kabla ya kumfukuza jueni kwamba atakayemfuata atashindwa vile vile.

6. Amua

Kidonda kilichofunguka, homa, kuchanganyikiwa ghafla au kushindwa kumeza: hospitali siku hiyo hiyo. Michubuko isiyo na maelezo, au pensheni isiyojulikana inakokwenda: mwoneni afisa ustawi wa jamii, na kama kuna hatari, polisi.

Yaliyobaki, chagua mawili tu na uandike nani atayafanya. Rudi baada ya wiki mbili bila kutoa taarifa, na kwa saa tofauti. Mimi hupendelea saa mbili usiku, chakula kikiwa kimechelewa na wenye nyumba wamechoka.