Somo: Kusema kwa niaba ya familia bila kubabaika

Sendoff ya mdogo wako, mahafali ya mtoto, msiba wa shangazi: ipo siku mshereheshaji atasema, "Sasa tumkaribishe msemaji wa familia," na msemaji mwenyewe ni wewe. Somo hili ni la mtu aliyekwisha kupewa zamu hiyo na bado ana siku chache za kujiandaa.

Hatua ya 1: Jua umetumwa nini. Waulize wazee waliokuteua. Utoe shukrani tu? Uwausie maharusi? Utaje zawadi? Wengi wanaobabaika mbele za watu si waoga hata kidogo, wamesimama tu bila kujua wanakwenda wapi. Andika ujumbe wako kwa sentensi moja. Ujumbe ukikataa kukaa kwenye sentensi moja, rudi ukaulize tena.

Hatua ya 2: Mambo matatu, basi. Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yakiwa yamevamia Kagera, Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa vita kwa hoja tatu: uwezo, sababu na nia. Hata waliozaliwa miaka mingi baadaye wanazitaja bila kusoma popote. Kama vita ilitoshea ndani ya mambo matatu, shukrani za ukoo zitatoshea.

Hatua ya 3: Kariri sentensi ya kwanza na ya mwisho. Hapa ndipo ningekuomba utumie muda wako mwingi. Ukisimama, mwili humwaga adrenalini: moyo unakwenda mbio, mate yanakauka, mikono inatetemeka. Hali hiyo huwa kali zaidi mwanzoni, kisha hutulia yenyewe ukiendelea kusema. Kwa hiyo maneno ya mwanzo yawe yale ambayo ulimi unayajua hata akili ikiwa imeruka.

Bahati nzuri, desturi yetu imekupa daraja la kuvukia: salamu na itifaki. "Asalaam aleykum, Bwana asifiwe," kisha wazazi wa pande zote mbili, mwenyekiti wa kamati, wageni waalikwa. Wakati unawataja, pumzi inarudi. Andika majina na vyeo kwenye kadi, maana kumruka mjomba mkubwa ni kosa litakalozungumzwa mwaka mzima. Ila kama waliokutangulia wameshawataja wote, sema "itifaki imezingatiwa" uendelee.

Sentensi ya mwisho nayo ikaririwe, kwa sababu asiyeijua huzunguka: "kwa hayo machache… na pia nisisahau…" Ukiisema, shukuru, kaa.

Hatua ya 4: Fanya mazoezi umesimama, kwa sauti. Kusoma kimyakimya kitandani hakusaidii. Jirekodi kwa simu, kisha usikilize ni wapi unakimbiza maneno. Mazoezi ya kioo siyapendi. Yanakuzoesha kujitazama, na siku yenyewe utatakiwa kuwatazama watu.

Hatua ya 5: Maiki. Ishike karibu na kidevu, usiipulize, usipite nayo mbele ya spika, itapiga yowe.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nikijiandaa vipi bado sauti inatetemeka. Nifanye nini?*
Dada, kabla hujaitwa, vuta pumzi kisha itoe polepole, muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Kutoa pumzi taratibu hupunguza mapigo ya moyo. Kunywa maji kidogo. Simama kwa miguu yote miwili. Na uandike kwenye kadi ngumu, kwani karatasi nyepesi humwonyesha kila mtu mtetemo wa mkono.

*Nikisahau katikati je?*
Nyamaza. Tazama kadi, rudia sentensi ya mwisho uliyoisema, songa mbele. Kimya hicho wewe utakiona kirefu, wasikilizaji watadhani unawapa nafasi ya kutafakari. Usiseme "samahani nimesahau", hakuna aliyejua.

*Nimepewa kusoma wasifu wa marehemu baba yangu. Naogopa nitalia.*
Pole sana, kaka. Wasifu usiukariri, usome: mwaka wa kuzaliwa, shule, kazi, majina ya watoto na wajukuu, yote yawe kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Muombe binamu au rafiki asimame pembeni yako akiwa na nakala yake. Machozi yakija, yaache yaje, mpe ishara, naye ataendelea pale ulipofika. Mkubaliane ishara hiyo mapema, kabla ya kwenda kanisani au makaburini.