Kuendesha Warthog kwenye Halo ya kwanza bila kubinuka kila kona

Hii ni kwa wale wanaoanza Halo, gemu ile ya Bungie ya 2001, siku hizi unaipata ndani ya Master Chief Collection (mkusanyiko wa magemu ya Halo), PC au Xbox. Mtu akishapewa Warthog, ile jeep ya kijeshi, tu anakanyaga mafuta, kidogo tu matairi yanaangalia juu alafu analaumu gari.

Hatua ya 1, sahau usukani. Stiki ya kushoto we ifanye mafuta tu, mbele na nyuma, kona unakata kwa kamera, yani gari inafuata pale unapoangalia. Ukimkodolea macho adui wa pembeni huku unakanyaga, gari nayo inaenda kwake. Angalia njia.

Hatua ya 2, jaza watu. Kwenye misheni ya pili rubani Foehammer anakuletea gari kwa Pelican (ndege ya kubebea askari), usiondoke peke yako. Simama karibu na marine, askari wa upande wako, utulie, watapanda wenyewe, mmoja nyuma kwenye rashasha ya mitutu mitatu na mwingine kiti cha pembeni na bunduki yake. Rashasha haiishiwi risasi na dereva huna silaha zaidi ya bampa, kwaiyo hapo we ni dereva wa daladala, pesa anakusanya konda.

Hatua ya 3 ndo penyewe. Ukikuta kundi la maadui usipaki katikati yao, zunguka duara pana kwa spidi ya wastani tena sehemu tambarare, maana ukirukaruka juu ya mawe risasi za jamaa wa nyuma zinaenda mbinguni. Grunt, wale maadui wadogo, wagonge tu ukiwakuta njiani, Elite, wale warefu, ni wajanja wanaruka pembeni, hao muachie rashasha. Na ujue kitu kimoja, kwenye Halo ya kwanza gari haiharibiki kabisa, anayekufa ni wewe uliyekaa ndani, so macho yasitoke kwenye shield (kinga yako), ikianza kupiga kelele kimbilia nyuma ya jiwe isubiri ijae ndo urudi. Ukija kuhamia Halo 2 ya 2004 hiyo raha inaisha, kule gari inalipuka na adui anaweza kukurukia akakuchomoa kwenye kiti, kwaiyo zoea mapema kutosimama.

Hatua ya 4, hendibreki. Igonge kidogo tu ukiingia kona kali na uachie haraka, matairi yote manne yanakata kona kwaiyo ukiing'ang'ania mkia unakupita. Ukiruka kilima weka kamera inyooke kule unakotua. Ikibinuka sio mwisho wa dunia, sogea karibu, shikilia kitufe cha kupandia, inageuka. Ila guruneti likidondoka chini yake kaa nayo mbali, hiyo gari itapaa na inaweza kukuangukia ukafa.

Hatua ya 5, The Maw, misheni ya mwisho. Huna abiria, saa inahesabu kurudi nyuma, upo ndani ya meli inayokaribia kulipuka. Hapa sheria za hatua ya 3 tupa, usimzunguke mtu, Flood (viumbe vimelea) na maadui wengine wanapigana wenyewe, we pita. Spidi ya wastani bila kubinuka inakufikisha mapema kuliko kukanyaga mpaka mwisho alafu ukapoteza muda kuigeuza. Njia ikiziba kule mwisho ruka chini, iache gari hapohapo, kimbia kwa miguu mpaka kwenye Longsword, ndege ya kutorokea.