Namna ya kusoma kitu kikakaa kichwani

Mdogo wangu anajiandaa na mtihani, na wiki iliyopita alinilalamikia kwamba kichwa chake kinavuja: anasoma kurasa kumi, akifunga kitabu hana kitu. Nikakaa naye jioni nzima nikimtazama anavyosoma. Kumbukumbu yake ni nzima. Mambo hayakuwa yameingia, maana akili ilikuwa kwingine.

1. Simu iwe chumba kingine. Kuifunika juu ya meza hakutoshi.

2. Soma aya moja, simama. Kumbukumbu ya muda mfupi ni finyu mno. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller alikadiria kwamba inabeba vitu saba hivi. Mwaka 2001 mwanasaikolojia mwenzake, Nelson Cowan, akashusha hadi vinne hivi. Ukizidisha, vya mwanzo vinasukumwa nje kabla havijashika.

3. Funga kitabu, sema ulichosoma. Hapa ndipo mimi nilipopoteza miezi. Nilikuwa napaka mistari kwa kalamu za rangi na kurudia ukurasa mara nne, nikaona maneno nimeyazoea, nikadhani nimeyajua. Kumbe macho yakishazoea ukurasa, umakini huondoka polepole na mwenyewe huna habari. Ukilazimika kueleza bila kutazama, umakini unarudi. Kalamu za rangi siku hizi sizigusi.

Ila ujue njia hii hukatisha tamaa mwanzoni. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwalinganisha wanafunzi waliorudia kusoma na waliojipima. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja, waliojipima waliwapita. Kwa hiyo usiku uleule utajiona mzito, endelea tu. Ukikwama, usikimbilie kufungua kitabu, hangaika kidogo kwanza. Ukishindwa kabisa, fungua usahihishe papo hapo, kwa sababu kosa nalo hukaa. Tumia maneno yako mwenyewe. Ukikariri sentensi ya kitabu, mdomo unafanya kazi na akili imelala.

4. Jipime tena kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha wiki.

5. Lala. Usingizini hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshughulikia kumbukumbu mpya, hupitia upya mambo ya mchana, na taratibu yanajikita kwenye gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje. Anayekesha anapoteza alichosoma leo pamoja na umakini wa kesho.

Aya ya kwanza ilimchukua mdogo wangu dakika ishirini. Jana asubuhi, bila kuulizwa, alinieleza yote.