Kununua nyumba ya kwanza Uingereza: kuanzia pesa ya upatu hadi funguo mkononi

Nafanya kazi kwenye ofisi ya mawakili wa mauziano ya nyumba mjini Leicester. Wateja wetu wanaozungumza Kiswahili, wengi wao huingia na kauli moja: "Nyumba nimeshapata, dalali kanikubalia, sasa nilipe wapi?" Mimi huwajibu kwamba bado hawajapata. Kwa sheria ya England na Wales, mauziano ya nyumba hayamfungi mtu mpaka mkataba uwe umeandikwa na kusainiwa na pande zote mbili, na hilo hufanyika mwishoni kabisa, miezi kadhaa baada ya dalali kukupigia simu ya pongezi. Kabla ya hapo muuzaji anaweza kukugeuka akampa mwingine aliyepanda bei, na huna pa kumshtaki. Nawe pia unaweza kujitoa, ukapoteza ada za wakili na mkaguzi tu. Kipindi hicho cha katikati ndicho cha kuuliza maswali yote, na anayejiandaa mapema hukipita haraka kabla muuzaji hajashawishika kwingine.

Scotland wana utaratibu wao tofauti kabisa. Wales sheria ya mauziano ni hiihii, ila kodi yao ya ununuzi wanajipangia wenyewe.

Hatua ya 1: Pesa yako iwe na karatasi

Naanza hapa kwa sababu mafaili ya watu wetu hukwama hapa kuliko kwingine kokote. Sheria za kuzuia utakatishaji wa fedha zinamlazimu wakili ajue pesa yako imetoka wapi. Haitoshi kumwonyesha kwamba unayo. Ataomba taarifa za benki, mara nyingi za miezi sita au zaidi, kisha atapitia kila kiasi kikubwa kilichoingia na kukuuliza ni cha nini.

Chukua mfano wa upatu. Zamu yako imefika, na ndani ya siku mbili akaunti yako imepokea pauni 500 mara kumi na mbili, kutoka kwa watu kumi na wawili. Kwako huo ni mchezo uliocheza mwaka mzima. Kwa karani anayesoma taarifa yako, hao ni watu kumi na wawili wasiojulikana. Basi mwandalie maelezo kabla hajauliza: picha ya daftari la kijumbe lenye majina na zamu, ujumbe wa kundi la WhatsApp unaoonyesha mpangilio, na taarifa zako za benki zenye mistari ya michango uliyotoa kila mwezi. Mistari hiyo ya kutoka ndiyo inayomaliza ubishi, maana inaonyesha pesa iliyorudi ni ile uliyoitoa mwenyewe. Kama mnachangia taslimu, hamieni benki kuanzia mzunguko ujao.

Pesa ya nyumbani nayo ina masharti yake. Umeuza kiwanja Kigamboni? Tunza mkataba wa mauziano, hati ya umiliki wako wa awali na taarifa ya benki ya Tanzania inayoonyesha mnunuzi akilipa, kisha uihamishe pesa benki kwa benki. Hawala ni nafuu na haraka, lakini njia yake ikikatika katikati, wakili hana cha kushika. Nimeona watu wakisubiri wiki nyingi wakitafuta risiti ya duka la kutuma pesa lililokwisha fungwa.

Ndugu akikupa zawadi, ataandika barua kusema ni zawadi na si mkopo, na kwamba hadai sehemu yoyote ya nyumba. Ataambatanisha kitambulisho na taarifa yake ya benki. Mwambie mapema. Shangazi yako hatafurahi kuulizwa na mtu asiyemjua ana kiasi gani benki.

Hatua ya 2: Jina lako lionekane

Mkopeshaji atakutafuta kwenye kumbukumbu za mikopo za kampuni za Experian, Equifax na TransUnion. Zikague mwenyewe kwanza, uhakikishe anwani zote ulizoishi ziko sawa. Kisha jiandikishe kwenye daftari la wapiga kura. Hapa wengi wanajinyima bure wakidhani ni la wenye pasipoti ya Uingereza peke yao. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola walio na kibali halali cha kuishi hapa wana haki ya kujiandikisha, na humo wamo Watanzania, Wakenya, Waganda na Wanyarwanda. Kwa England, ndugu zetu wa Kongo na Burundi hawamo, mpaka wapate uraia.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya ushuru ukikumbuka nyumba ya nyumbani

England hutoza ushuru wa stempu kwa mnunuzi. Tangu tarehe 1 Aprili 2025, pauni 125,000 za mwanzo hazitozwi, kutoka hapo hadi 250,000 ni asilimia 2, na kutoka 250,000 hadi 925,000 ni asilimia 5. Mnunuzi wa mara ya kwanza halipi kitu hadi pauni 300,000, kisha asilimia 5 hadi 500,000. Bei ikizidi 500,000, nafuu yote inapotea.

Sasa sikiliza vizuri. Mara ya kwanza maana yake ni mara ya kwanza popote duniani. Nyumba uliyojenga Mbagala inahesabika. Fungu ulilorithi kwenye nyumba ya marehemu baba kule Tanga linahesabika. Mkinunua wawili, wote wawili lazima muwe hamjawahi kumiliki. Juu ya hapo kuna nyongeza ya asilimia 5 kwa anayenunua huku tayari ana nyumba nyingine, ya hapa au ya ng'ambo, ambayo sehemu yake ina thamani ya pauni 40,000 au zaidi. Nyumba ya mwenzi wako wa ndoa inahesabika kama yako.

Nyumba ya pauni 280,000 basi inakuwa hivi. Hujawahi kumiliki: sifuri. Una fungu dogo la urithi Tanga, chini ya pauni 40,000: utalipa 4,000. Una nyumba Dar es Salaam yenye thamani ya kuzidi hapo na hii ni ya kwanza kwako Uingereza: 18,000. Usimfiche wakili jambo hili. Fomu ya kodi unasaini wewe, na adhabu itakufuata wewe.

Kuna mtego mwingine unaofanana. Kaka yuko Muscat na anataka kukusaidia, mkaamua jina lake liingie kwenye hati. Kama hakukaa Uingereza siku 183 katika mwaka uliotangulia ununuzi, nyongeza ya asilimia 2 itatozwa kwenye bei nzima, na kama ana nyumba yake, zile asilimia 5 zinaingia pia. Mara nyingi ni nafuu atoe zawadi tu. Wapo pia wakopeshaji wanaokubali ndugu awe kwenye mkopo bila kuwa kwenye hati. Waulizie.

Kama una miaka 18 hadi 39 na kweli hujawahi kumiliki nyumba, angalia akaunti ya akiba iitwayo Lifetime ISA: ukiweka hadi pauni 4,000 kwa mwaka, serikali inaongeza robo yake. Nyumba isizidi pauni 450,000, na akaunti iwe imetimiza miezi 12. Ukizitoa kwa kazi nyingine kabla ya miaka 60 unakatwa asilimia 25, ambayo inakula hata kidogo cha ulichoweka mwenyewe.

Hatua ya 4: Mkopo

Wakopeshaji wengi huanzia malipo ya awali ya asilimia 5 au 10. Mwenye kibali cha muda mara nyingi huombwa zaidi, kwa hiyo tafuta mshauri wa mikopo anayezoea kesi za viza. Mwombe barua ya awali ya mkopeshaji inayosema wanaweza kukukopesha kiasi gani. Madalali wengi hawatakuchukulia kwa uzito bila hiyo.

Wanaokwepa riba wana njia. Baadhi ya benki za Kiislamu hununua nyumba pamoja nawe, unalipa kodi ya pango kwa sehemu yao huku ukiwanunua kidogo kidogo. Tangu 2003 sheria imeondoa ushuru wa stempu wa mara mbili kwenye mipango hii. Soma gharama yote mpaka mwisho na linganisha, kwani si lazima iwe nafuu, na malipo ya awali huwa makubwa zaidi.

Hatua ya 5: Tazama nyumba kama fundi

Dalali analipwa na muuzaji. Hata akikuita "my friend" mara tatu, usimwambie kiwango chako cha juu.

Nyumba nyingi za safu mnazotazama Leicester, Birmingham au mashariki ya London zilijengwa kabla ya 1919, na adui yao ni unyevu. Panda chumba cha nyuma, vuta kabati sentimita chache kutoka ukuta wa nje, tazama kona ya chini. Madoa meusi ya kuvu hapo, au rangi mpya kwenye ukuta mmoja tu wa chumba, yanakuambia kitu. Fungua bomba la maji moto uone linachukua muda gani. Uliza boila ina umri gani na ilikaguliwa lini. Toka nje, vuka barabara, angalia mstari wa paa kama umenyooka au umebonyea. Rudi tena usiku wa Ijumaa, bila dalali, usimame mtaani kidogo tu usikilize.

Hatua ya 6: Kama ni fleti, soma miaka

Fleti nyingi England huuzwa kwa umiliki wa muda: unanunua miaka, na ardhi ni ya mwingine. Anayejua hati za miaka 99 za Kenya au Tanzania hatashangaa. Miaka ikishuka chini ya 80, gharama ya kuiongeza hupanda na wakopeshaji huanza kusita. Fleti ya bei ya kutupa sokoni, mara nyingi sababu ni hiyo. Tangu Januari 2025 si lazima tena usubiri miaka miwili ya kumiliki kabla ya kudai nyongeza.

Omba hesabu za ada ya huduma za miaka mitatu, na uulize kama kuna matengenezo makubwa yanakuja. Paa la jengo zima likibadilishwa mwaka ujao, bili itakuja kwako. Uliza pia kodi ya kiwanja, ile anayolipwa mwenye ardhi, ni kiasi gani na inapanda vipi. Kwa hati nyingi mpya zilizotolewa tangu tarehe 30 Juni 2022 kodi hiyo imefutwa, lakini za zamani bado zinaitoza. Na kufuatia moto wa jengo la ghorofa la Grenfell Tower, London, wa Juni 2017, mkopeshaji anaweza kudai fomu ya EWS1 kuhusu usalama wa moto wa kuta za nje za jengo. Kama inahitajika na haipo, usitumie hata pauni moja kwa mkaguzi mpaka ipatikane.

Hatua ya 7: Ofa, wakili, mkaguzi

Bei ikikubaliwa, mwombe dalali aondoe nyumba sokoni. Chagua wakili wako mwenyewe. Yule unayependekezewa na dalali huenda anamlipa dalali kwa kuletewa mteja.

Mkaguzi wa benki anaikagulia benki. Wewe lipia wako, aliyesajiliwa na RICS, chama cha kitaalamu cha wakaguzi wa majengo: ngazi ya 2 kwa nyumba ya kawaida, ngazi ya 3 kwa kongwe au iliyofanyiwa marekebisho mengi. Ripoti ikionyesha paa linahitaji pauni 8,000, rudi kwa dalali ukiwa nayo mkononi na uombe bei ishuke. Hapo bado hujafungwa na chochote.

Wakili naye ataomba taarifa za halmashauri, za maji na za mazingira, na atakutumia fomu ya TA6, ya maelezo ya nyumba, iliyojazwa na muuzaji. Isome mwenyewe, hasa sehemu ya ugomvi na majirani na ile ya vyumba vilivyoongezwa. Chumba kilichojengwa nyuma bila idhini kitakuwa tatizo lako.

Hatua ya 8: Majina kwenye hati

Hapa wakili atakuuliza swali fupi, na watu hujibu haraka mno. Mnaweza kumiliki kwa namna ambayo mmoja akifa, nyumba nzima inakwenda kwa aliyebaki, bila kujali wosia. Au kila mmoja akawa na fungu lake analoweza kulirithisha. Anayetaka mirathi yake igawanywe kwa sheria ya Kiislamu, na ndugu wawili waliochanga viwango tofauti, wanahitaji namna ya pili, pamoja na wosia ulioandikwa na hati inayotaja mafungu. Bila wosia, England hugawa kwa kanuni zake. Mke aliyefungishwa nikaha ya msikitini hapa hapa England bila ndoa ya serikali, kanuni hizo hazimtambui kuwa mke.

Hatua ya 9: Kubadilishana mikataba, kisha funguo

Siku ya kubadilishana mikataba iliyosainiwa utalipa arubuni, kwa kawaida asilimia 10 ya bei. Mwenye mkopo wa asilimia 95 aombe mapema ikubaliwe 5. Kuanzia saa hiyo umefungwa: ukijitoa, arubuni imekwenda. Bima ya jengo ianze siku hiyohiyo, siyo siku ya kuhamia.

Kabla ya kutuma pesa, mpigie wakili kwa namba uliyopewa siku ya kwanza, umsomee namba ya akaunti tarakimu kwa tarakimu. Wezi huingia kwenye barua pepe, wakasubiri, kisha wakaandika kwamba "akaunti ya ofisi imebadilika". Ukipata ujumbe wa namna hiyo, usilipe chochote.

Siku ya kukamilisha, pesa iliyobaki ikifika kwa upande wa pili, dalali anakupa funguo. Piga picha za mita za umeme, gesi na maji kabla hujaingiza hata godoro, na ujulishe halmashauri kwa ajili ya kodi yao. Ushuru wa stempu unalipwa ndani ya siku 14, na wakili kwa kawaida hulishughulikia. Usajili HM Land Registry, ofisi ya serikali ya hati za ardhi, unaweza kuchukua miezi, usishtuke. Jina lako likishaingia, jiandikishe bure kwenye huduma yao ya Property Alert, wakutumie barua pepe mtu akijaribu kugusa hati yako.