Kusimba barua pepe: kipi umpe mwenzako, kipi ubaki nacho

Anayeanza kusimba barua pepe, yaani kuifunga kwa msimbo ili aisome mlengwa tu, hakosi kuuliza: "Nimtumie rafiki yangu nini?" na "Mbona programu inakataa kutuma barua yangu?" Jibu liko kwenye funguo, na funguo ni mbili. Ule wa umma unafunga barua, wa siri unaifungua. Ukimwandikia mtu, unafunga kwa ufunguo wake wa umma, si wako. Kama hana, hutamsimbia chochote mpaka atengeneze.

Hatua ya 1: Programu. Sakinisha Thunderbird, programu ya barua pepe ya kompyuta. Tangu toleo la 78, mwaka 2020, OpenPGP, yaani mfumo wa kusimba kwa funguo hizi mbili, imo ndani yake. Zamani ilibidi uongeze programu za ziada, Enigmail na GnuPG. Je, unaruhusiwa kumnakilia rafiki? Ndiyo, ni programu huria. Lakini mwelekeze tu kwenye tovuti rasmi apakue mwenyewe. Programu ya usalama iliyozunguka kwenye flashi za watu siiamini hata kidogo.

Hatua ya 2: Jozi ya funguo. Ingia mipangilio ya akaunti yako, sehemu ya usimbaji, ongeza ufunguo mpya wa OpenPGP. Ukomo wa miaka 3 unaopendekezwa unatosha, na unaweza kuusogeza mbele baadaye. Kisha weka nenosiri kuu la Thunderbird. Wengi hulisahau hili, na bila hilo, atakayeishika kompyuta yako ameshika na ufunguo wako.

Hatua ya 3: Nakala rudufu. Hifadhi ufunguo wa siri nje ya kompyuta, ukiwa na nenosiri lake. Hapa hakuna kile kitufe cha "umesahau nenosiri?". Ukiupoteza, barua zote ulizosimbiwa hazifunguki tena.

Hatua ya 4: Kugawa. Ambatisha ufunguo wa umma kwenye barua ya kawaida. Hauna siri yoyote, hata ukiubandika hadharani. Tatizo ni kwamba faili zote mbili, ya ufunguo wa umma na ya ule wa siri, huishia na .asc na majina yake hufanana. Kabla ya kutuma, ifungue kwa kihariri cha maandishi usome mstari wa kwanza. Ukiona "BEGIN PGP PUBLIC KEY BLOCK", tuma. Ukiona PRIVATE, acha hapo hapo! Huo haumpi mtu yeyote, hata fundi anayekusaidia.

Hatua ya 5: Kuhakiki. Yeyote anaweza kutengeneza ufunguo wenye jina la rafiki yako. Mpigie simu, kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, akusomee alama ya utambulisho wa ufunguo wake: herufi na tarakimu 40, nne nne. Zikilingana zote na zile unazoziona kwenye ufunguo uliopokea, ukubali.

Hatua ya 6: Jaribio. Tuma barua fupi, washa usimbaji, mwambie ajibu vivyo hivyo. Jua tu kwamba nani kamwandikia nani, na lini, bado vinaonekana njiani. Mada nayo Thunderbird huisimba, ila programu nyingine huiacha wazi. Andika "Habari" tu, yaliyobaki yaweke ndani.