Namna ya Kuripoti Ajali na Maafa Pasipo Kuwaongezea Wafiwa Msiba

Mwandishi anayefika kwenye eneo la ajali hubeba wajibu wa aina mbili: kuujulisha umma kilichotokea, na kuhakikisha kwamba mama aliyeko nyumbani hapati taarifa ya kifo cha mwanawe kwenye simu kabla ndugu hawajamfikia. Wajibu huo ukigongana, huu wa pili utangulie. Jina la marehemu lisubiri mpaka familia ijulishwe, na kwa kuwa watu hutambuana hata kwa nguo, kwa namba ya gari au kwa mahali pa kazi, kuziba sura peke yake hakutoshi.

Kuhusu idadi, hakikisha kila tarakimu ina mwenyewe na ina saa yake. Eleza ni nani ameitoa, ameitoa lini, na anazungumzia waliokuwemo chomboni, waliookolewa au waliofikishwa hospitalini, kwa maana makundi hayo matatu huchanganywa mno katika saa za mwanzo. Ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 ikiwa na watu 43, taarifa za awali zilisema watu 26 wameokolewa. Baadaye ikathibitika kuwa walionusurika ni 24 na waliofariki ni 19. Kwa msomaji wa mbali hao ni watu wawili tu, lakini kwa familia inayosubiri kusikia jina la ndugu yake, ni tofauti ya matumaini na matanga. Kwa hiyo andika “hadi saa nane mchana, kwa mujibu wa mkuu wa mkoa”, na idadi ikibadilika, sema wazi kwamba imebadilika badala ya kuifuta ile ya kwanza kimyakimya.

Vilevile usitangulie kutangaza kwamba hakuna aliye hai. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na zaidi ya watu 200 wakapoteza maisha. Hata hivyo, siku mbili baadaye waokoaji walimtoa fundi mitambo akiwa hai ndani ya kivuko hicho kilicholala kifudifudi.

Picha ndiyo inayohitaji uamuzi mgumu kuliko yote. Baada ya shambulio la hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi, Januari 2019, gazeti la New York Times lilichapisha picha iliyoonyesha miili ya waliouawa, na Wakenya wengi wakalalamika kwa uchungu, wakihoji iwapo gazeti hilo lingewaonyesha hivyo marehemu wa nchini kwake. Swali hilo ni la haki, na kila mhariri wa zamu anapaswa kujiuliza: je, ningeichapisha picha hii kama huyu angekuwa ndugu yangu? Ukubwa wa msiba unaweza kuonyeshwa kwa picha za waokoaji kazini au za chombo chenyewe. Na kama tukio ni la shambulio ambalo bado linaendelea, kamera ya matangazo ya moja kwa moja isionyeshe askari walipojipanga wala mahali walipojificha raia, kwa sababu mshambuliaji naye anaweza kuwa anatazama.

Unapomwendea mfiwa, shusha kamera kwanza. Msalimu inavyostahili umri wake, mpe pole, jitambulishe wewe na chombo chako, kisha omba ruhusa. Akikataa, mshukuru na uondoke. Swali la “unajisikiaje?” halina jibu na linaumiza. Muulize marehemu alikuwa mtu wa namna gani, kisha umwache aseme kwa mwendo wake. Mtoto asihojiwe pasipo ridhaa ya mzazi au mlezi wake, na hata kwa ridhaa hiyo, mimi naona asihojiwe siku ya tukio.

Jihadhari pia na maneno ya hukumu. Lori la mafuta lilipolipuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, walioungua waliitwa wezi wa mafuta hata kabla ya wote kutambuliwa, ilhali katika mkasa kama huo hujui nani alibeba dumu na nani alikuwa anapita njia. Vifo viliendelea kuongezeka kadiri majeruhi walivyozidiwa hospitalini, vikapita 100, jambo linaloonyesha kwamba habari haimaliziki moto unapozimwa.

Rudi baada ya wiki, kisha baada ya miezi. Uliza tume ya uchunguzi imefikia wapi, chombo kilikuwa na kibali cha kubeba watu wangapi, na ahadi zilizotolewa makaburini zimetekelezwa au la. Wakati wa kumbukumbu ya mwaka ukifika, wapigie simu wafiwa kabla ya kuzitoa tena picha za siku ile.